Krosheti Nairobi: Kulabu Moja, Sweta la Gikomba na Mfuko wa Sokoni

Wengi wanaoanza krosheti huiacha mapema, na mara nyingi shida haiko mikononi. Wamenunua uzi mweusi wenye manyoya kwa sababu ulipendeza dukani, wakafungua video ya blanketi la kitanda cha futi sita, na baada ya jioni chache wakabaki na kitu cha upana wa kiganja kisichoeleweka ni nini. Blanketi si pa kuanzia. Anza na kitu utakachokimaliza, ukakitumia, na kikichakaa usilie.

Mimi napendekeza mfuko wa sokoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo tumezoea kutoka nyumbani na mfuko wetu au kununua mwingine kila tunaposahau. Mfuko wa uzi wa pamba hukunjika ukaingia kwenye mfuko wa koti, hubeba viazi bila kukatika, na ukiumaliza utakuwa umejifunza karibu kila kitu cha msingi: mnyororo, mduara, mshono mfupi, mshono mrefu, wavu na mikono. Maelekezo yake kamili yako chini. Kwanza ununuzi na mazoezi.

Cha kununua

Vitu vitatu: kulabu, uzi, na sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi. Mkasi tayari unao. Dukani omba "sindano ya krosheti". Humu nitaiita kulabu ili isichanganywe na zile sindano mbili ndefu za kufumia sweta. Utapata vyote kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji ya Biashara Street, upande wa River Road, na Eastleigh.

Kulabu huwa imepigwa namba ya ukubwa kwenye mpini, kwa milimita. Chukua ya milimita 5. Muuzaji anaweza kukutolea zile nyembamba za chuma, za milimita moja na kitu. Hizo ni za vitambaa vya sofa, zirudishe kwa sasa. Usiuziwe seti nzima pia. Kulabu moja nzuri inakutosha miezi.

Kwa uzi, nunua akriliki kidogo ya mazoezi na pamba ya mfuko. Rangi iwe nyepesi, kama krimu, njano au samawati ya kufifia, maana kwenye uzi mweusi hutaona matundu, hasa usiku chini ya balbu moja. Uzi uwe laini na mviringo, bila manyoya wala mafundo ya mapambo.

Kama una lebo, isome. Itakuambia uzi ni wa nini, una gramu na mita ngapi, na unataka kulabu ya ukubwa gani. Tafuta pia namba ya loti, yaani kundi la uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Madonge mawili yanaweza kuwa na namba moja ya rangi lakini loti tofauti, na tofauti hiyo huiona ukishamaliza kazi, ukiwa juani. Kwa hiyo nunua uzi wote wa kazi moja kwa siku moja, na kabla ya kulipa toka nao mlangoni uutazame kwenye mwanga wa nje.

Uzi usio na lebo, ambao mjini ni mwingi, upime kwa moto. Kata kipande cha sentimita chache, kishike kwa kibano juu ya sinki na ukiwashe. Akriliki huyeyuka ikaacha kidonge kigumu na harufu ya plastiki. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika. Pamba huwaka kama karatasi. Jaribio hili halichukui dakika, na litakuepusha kuinunua akriliki kwa bei ya sufu.

Uzi wa mitumba, au kwa nini usiogope gharama

Hapa nitakaa kidogo. Mkazi wa Nairobi analalamika kwamba uzi mzuri ni ghali, huku masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi yamejaa uzi wa pamba tupu na sufu tupu. Uzi huo umevaa tu umbo la sweta. Sweta nene la mwanamume lina uzito wa gramu 400 hadi 600, ilhali madonge mengi ya dukani ni ya gramu 50 au 100. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Usishindanie kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, na watu wa buti wanaokwenda kuziuza kwenye buti za magari. Wewe unataka fagia, yaani mabaki ya bei ya chini: sweta lililotoboka kiwiko au lenye zipu iliyokufa, lililolala chini ya rundo. Muuzaji atakuambia, "Dada, hiyo imetoboka, chukua hii," nawe umwambie hiyo hiyo tu, ila bei ishuke.

Kabla ya kulipa ligeuze ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Hapo ndipo penye siri yote. Masweta ni ya aina mbili. Kuna yale ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kisha vipande vikaunganishwa kwa mstari wa vitanzi vidogo vya mnyororo. Ukiutanua mshono utaona ukingo wa kila kipande uko mzima. Hilo nunua. Na kuna yale yaliyokatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kikubwa, kingo zikapigwa ovaloki nene ya nyuzi zinazopishana. Hilo liache, hata kama rangi imekuchanganya akili. Kila safu yake ilishakatwa, na ukilifumua utapata mamia ya vipande visivyozidi upana wa mwili.

Angalia mengine mawili. Soma lebo ya ndani. Halafu livute kidogo, uone kama vitanzi vinaonekana kimoja kimoja. Sufu iliyofuliwa kwa maji moto hushikana ikawa blanketi, na ikishashikana haifumuki tena.

Nyumbani, lifue kwanza. Kisha kata ule uzi wa kuunganisha tu, kwa ncha ya mkasi, ukianzia kwapani. Ukipata upande sahihi wa mnyororo utaona mshono wote unafunguka kwa mvuto mmoja, na nakuhakikishia utautafuta mshono mwingine ili urudie. Tenganisha mbele, nyuma, mikono na kola. Fumua kila kipande kuanzia juu, mabegani, kwa sababu masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu, na kitambaa kilichofumwa hufumuka vizuri kutoka kilikoishia. Ukianzia chini utakwama kila ukingoni.

Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti huku unafumua. Ukimaliza kipande, funga lile fungu sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine, bila kukaza, kisha ulitoe kitini. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo kwa dakika 20, suuza, kamua kwa taulo bila kusokota, na ulining'inize kivulini na kikombe cha bati kikiwa kimening'inia chini yake. Fungu likikauka, uzi umenyooka na uko tayari kufanywa donge. Ukiwa mwembamba, shika nyuzi mbili au tatu pamoja na ufume nazo kama uzi mmoja.

Tisheti kuukuu nazo ni uzi. Chukua ya pamba isiyo na mshono ubavuni, kata pindo la chini na sehemu yote ya juu kuanzia kwapani, kisha mwili uliobaki ukate utepe mmoja wa upana wa sentimita 2, ukizunguka bila kukatisha hadi juu. Uvute utepe huo na utajikunja wenyewe ukawa kamba ya mviringo. Unahitaji kulabu ya milimita 8 au 10, na unafaa kwa kikapu au zulia dogo la mlangoni.

Vidole kwanza

Tengeneza duara la uzi, ukiacha ncha ya sentimita 15 ikining'inia. Ingiza kulabu ndani ya duara, nasa uzi unaotoka kwenye donge, uvute upite, na ukaze taratibu. Umepata kitanzi cha kwanza. Kinapaswa kuteleza juu ya kulabu. Kikigoma, umekaza mno.

Mkono wa kushoto ndio unaoongoza uzi. Upitishe juu ya kidole kidogo, chini ya viwili vya katikati, juu ya kidole cha shahada. Dole gumba na cha kati hushika kazi yenyewe. Kulabu ishike unavyoshika kalamu au unavyoshika kisu cha jikoni, yote ni sawa, na atakayekuambia vingine msikilize kisha uendelee. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze kila kitu, na akifundishwa na mtu wa mkono wa kulia akae mkabala naye, asikae kando yake. Hapo atamwona kama anajitazama kwenye kioo.

Mnyororo ni hivi: uzi unapita juu ya kulabu kutoka nyuma kuja mbele, mdomo wa kulabu unageuka chini, unavuta uzi upite ndani ya kitanzi. Basi. Rudia mpaka vidole vichoke. Tazama kwa karibu kitanzi kinajifungia wapi. Kulabu ina shingo nyembamba karibu na mdomo, na ina kiwiliwili kinene. Anayeanza hukaza kitanzi shingoni, halafu anashangaa kwa nini safu ya pili kulabu haiingii popote. Kitanzi kipimwe na kiwiliwili. Kila baada ya mshono, sukuma kitanzi mpaka sehemu nene, ndipo uendelee.

Safu zilizonyooka

Fuma minyororo 21. Ruka wa kwanza karibu na kulabu, ingiza kulabu kwenye wa pili, nasa uzi, vuta: una vitanzi viwili. Nasa tena, vuta upite vyote viwili. Huo ni mshono mfupi. Endelea mpaka mwisho, na uhesabu. Iwe 20. Geuza kazi, fuma mnyororo mmoja wa kupandia, na urudi ukiweka mshono mfupi juu ya kila mshono, ukiingiza kulabu chini ya nyuzi zote mbili zinazofanya alama ya V juu yake.

Hesabu kila safu. Najua inachosha. Lakini kitambaa kinachogeuka pembetatu kinatokana na jambo moja tu: unaruka mshono wa kwanza au wa mwisho, kwa kuwa imejificha ukingoni. Tia pini ya nepi kwenye mshono wa kwanza wa kila safu na utajua pa kuishia ukirudi.

Ukiwa na mraba unaofanana na mraba, jaribu mshono mrefu. Nasa uzi kabla ya kuingiza kulabu, ingiza, nasa, vuta: vitanzi vitatu. Nasa, pitisha viwili. Nasa, pitisha viwili vilivyobaki. Safu ya mishono mirefu huanza kwa minyororo mitatu, nayo huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Mraba wako wa mazoezi usiutupe, ni kitambaa kizuri cha kuoshea vyombo.

Sasa onyo kuhusu maelekezo ya Kiingereza, ambayo utakutana nayo upende usipende. Mshono huu mfupi, Mmarekani anauita "single crochet" na Mwingereza anauita "double crochet". Mshono mrefu ni "double crochet" Marekani, na ni "treble" Uingereza. Kenya tumerithi yote mawili. Mama zetu walijifunza kwa vitabu vya Kiingereza, wengine katika vikundi kama vya Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa 1952 na iliyofundisha kufuma na kushona, na sisi tunajifunza kwa video za Wamarekani. Shangazi na YouTube wakikuambia mambo tofauti, huenda wote wako sawa. Njia ya mkato: maelekezo yakitaja "single crochet" popote, ni ya Kimarekani.

Mduara

Mduara bapa una kanuni yake. Kwa mishono mifupi anza na 6, na kila mzunguko ongeza 6: 12, 18, 24, 30. Kwa mishono mirefu anza na 12 na uongeze 12. Kuongeza ni kuweka mishono miwili mahali pa mmoja. Mduara ukijikunja ukawa bakuli, umeongeza kidogo mno. Ukipiga mawimbi, umezidisha. Rudi ufumue mzunguko mmoja au miwili.

Kanuni hiyo hiyo inakupa kofia ya marvin ya kuvaa Julai, Nairobi inapokuwa na wingu la wiki nzima. Kichwa cha mtu mzima huzunguka takriban sentimita 56. Gawanya kwa 3.14 upate karibu 18, punguza kidogo ili kofia ishike, basi fuma mduara bapa wa kipenyo cha sentimita 16 au 17. Hapo acha kuongeza, endelea kuzunguka mshono kwa mshono, na kofia itashuka yenyewe mpaka masikioni.

Mfuko wenyewe

Uzi wa pamba, kulabu ya milimita 5. Karibu gramu 150 zinatosha, na gramu 200 zitakupa amani.

1. Fuma minyororo 4 na uiunganishe iwe pete: ingiza kulabu kwenye mnyororo wa kwanza kabisa, nasa uzi, vuta upite kila kitu. Huo ni mshono wa kuunganisha.

2. Fuma minyororo 3, kisha weka mishono mirefu 11 ndani ya pete. Pamoja na ile minyororo 3, una 12. Unganisha juu ya ile minyororo. Kila mzunguko wa kitako utaanza na kuisha hivyo.

3. Mishono miwili juu ya kila mmoja: 24.

4. Mmoja, kisha miwili mahali pamoja, rudia: 36.

5. Mmoja, mmoja, miwili: 48.

6. Mmoja, mmoja, mmoja, miwili: 60. Kitako kimekwisha. Kiweke mezani. Kikilala bapa, umefaulu.

7. Sasa wavu. Minyororo 5, ruka mishono 2, mshono mfupi kwenye wa tatu. Rudia kuzunguka. Utapata matao 20.

8. Kuanzia hapa usiunganishe mizunguko, endelea tu kama ngazi ya kuzunguka: minyororo 5, mshono mfupi katikati ya tao linalofuata, tena na tena. Tia pini mahali mzunguko unapoanza. Fuma mizunguko 12 hadi 15. Usirefushe zaidi ya hapo, maana wavu wa pamba hunyooka ukitiwa mzigo, na mfuko mrefu utaburura viazi vyako kwenye lami.

9. Funga mdomo: minyororo 2, mshono mfupi kwenye tao linalofuata, kuzunguka. Hesabu minyororo na mishono pamoja, una 60.

10. Mizunguko miwili ya mishono mifupi, 60 kila mmoja. Hii ndiyo inayoshikilia kila kitu, ikaze kidogo.

11. Mikono: mishono mifupi 20, minyororo 60, ruka mishono 10. Tena mishono mifupi 20, minyororo 60, ruka 10. Ukitaka mfuko wa kuning'inia begani, ongeza minyororo ifike 80 kila upande.

12. Mizunguko mitatu ya mishono mifupi juu ya kila kitu, ikiwa ni pamoja na minyororo ya mikono. Ukiacha mzunguko mmoja tu, mkono utakata kiganja siku utakayobeba kabichi mbili.

Kata uzi ukiacha sentimita 15, uupitishe kwenye kitanzi cha mwisho na ukaze. Ile ncha itie kwenye sindano butu, uifiche ndani ya mishono kwenda, kurudi, kisha kwenda tena. Usitegemee fundo. Pamba huteleza, na fundo hulegea wakati mfuko uko juu ya bodaboda.

Mfuko huu unafaa viazi, vitunguu, maembe, kabichi. Sukuma wiki, dhania na pilipili ndogo mwombe mama mboga akufungie kwenye gazeti, zitapita kwenye matundu.

Kuosha na kunyoosha

Akriliki haipigwi pasi moja kwa moja. Huyeyuka kidogo, ikalala chapati na haiinuki tena. Sufu ni maji baridi na bila kusugua. Pamba ni ngumu zaidi, ila hurudi kidogo mara ya kwanza, jambo lisilodhuru mfuko lakini linaloweza kumnyima mtoto sweta. Kazi ikimalizika imepinda, iloweshe, itandaze juu ya taulo kwenye godoro, ibane kwa pini katika umbo unalotaka na uiache ikauke. Miraba iliyokuwa na haya hunyooka.

Mahali na wakati

Foleni ya Jogoo Road au Thika Road ni saa nzima uliyopewa. Lakini si kila kazi inafaa matatu. Ile ya kuhesabu, kama kitako cha mfuko, ifanye nyumbani. Wavu wa minyororo mitano mitano ndio wa matatu, kwa sababu ukipoteza hesabu vidole vyenyewe vinakuambia. Donge la uzi likae ndani ya mfuko uliofungwa nusu, uzi ukitokea juu. Likianguka, litazunguka chini ya viti vyote mpaka kwa dereva. Na kama umesimama, weka kulabu mbali. Dereva akikanyaga breki kuna jicho la mtu hapo.

Stima ikipotea, mnyororo na mshono mfupi unaweza kuendelea kwa kupapasa, mradi uzi ni laini.

Kila nusu saa weka kazi chini, nyoosha vidole, zungusha vifundo vya mikono. Vidole vikianza kufa ganzi au kifundo kikiuma, acha siku kadhaa, na ukirudi legeza mkono. Mara nyingi maumivu hutokana na kushika kulabu kana kwamba inaibiwa. Yakiendelea, muone daktari.

Ukishashika kulabu vizuri

Vitambaa vya sofa, ambavyo vijana wa Nairobi walivicheka kisha wakaanza kuvitafuta tena, ni mduara ule ule uliofumwa kwa uzi mwembamba mweupe na kulabu ya milimita 1.25 hivi. Ukitaka visimame vizuri, vichovye kwenye maji ya wanga, uvibane na pini, uviache vikauke. Wengine hutumia maji ya sukari. Yanafanya kazi vizuri sana, na sisimizi nao wanakubali.

Ukitaka kutia shanga kwenye kazi, zipenyeze zote kwenye uzi kabla ya kuanza, kisha uisogeze moja moja unapoihitaji. Ukiwa Karen, warsha ya Kazuri, iliyoanza 1975, ina shanga za udongo zinazofinyangwa kwa mkono. Nyingi ni nzito kwa sweta lakini zinafaa sana pembeni mwa mkoba.

Kwa mkono uliozoea mduara, hatua inayofuata kwangu ni kiondo. Nenda Kariokor au City Market, chukua kiondo cha mkonge, ukipindue utazame kitako. Nyuzi zimepishana katikati, na kadiri kinavyopanuka nyuzi mpya zimeongezwa, ile ile hesabu ya kuongeza uliyoifanya kwenye mfuko, ila hapa hakuna kulabu. Ni vidole tu, uzi mmoja ukipishana na mwingine kuzunguka nyuzi za kusimama. Akina mama wa Ukambani na wa Kikuyu husokota nyuzi hizo kwa kuviringisha mkonge juu ya paja: nyuzi mbili chini ya kiganja, mbele zinasokotwa kila moja peke yake, nyuma zinashikana na kuwa moja. Mkonge ukiisha, kipande kingine kinachomekwa ndani ya msokoto bila fundo. Muuzaji akiwa anasuka huku anasubiri wateja, nunua kwanza, kisha omba akuonyeshe anavyoanza kitako. Ukianza kwa kuomba, utaonyeshwa bei.

Ukienda Pwani kwa likizo, tafuta wanaosuka ukili wa mikeka na wanaotarizi kofia kwa mkono, Lamu hasa. Sindano ya kofia inataka macho mazuri na subira ambayo mimi binafsi naiheshimu kwa mbali.

Ukiulizwa bei

Utaulizwa. Nairobi haiamini kwamba mtu mzima anaweza kufanya kitu bila kukiuza, na mfuko wako wa kwanza utapata mteja kazini kabla hujauosha. Ushauri wangu: mwaka wa kwanza usiuze. Fuma vya kwako na vya kugawa. Oda ya kwanza ikiingia, rangi huchagui tena wewe, saa ya kumaliza huipangi wewe, na ile jioni yako ya utulivu inakuwa zamu ya pili ya kazi.

Ukiona huwezi kukataa, basi pima. Fuma kimoja ukiandika saa ulizotumia na gramu za uzi. Bei iwe uzi, nauli ya kuufuata, na saa zako kwa kiwango ambacho usingeona aibu kumlipa fundi. Mteja akishtuka, mwelekeze duka la uzi na umpe mwongozo huu. Akikubali, achague rangi siku hiyo hiyo, atume pesa za uzi kwa M-Pesa kabla hujaanza mnyororo wa kwanza, na tarehe utakayomwambia iwe wiki mbili baada ya ile uliyo nayo kichwani.